MENO YAMENYOOKA, MWANYA UMEKWENDA WAPI?



Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unahusu meno, na hasa kazi ya kuyanyoosha kwa waya. Wengine mtasema: "Hayo ni mambo ya watu wa Dar es Salaam. Sisi huku Tunduma tunahangaika na malaria na kuhara." Ni kweli, malaria na kuhara bado vipo, navyo tutaendelea kuvizungumza. Lakini siku hizi hata hapa mpakani utamkuta mwanafunzi amerudi likizo akiwa na waya kinywani, na wazazi huniuliza kama ni vema nao wauze mahindi au kahawa ili mtoto wao atengenezwe meno. Swali hilo nimelijibu mara nyingi kwa haraka. Leo nataka kulijibu polepole, kwa sababu safari moja nililijibu vibaya.

KISA CHA BINTI MMOJA

Mama mmoja wa jumuiya yetu, mfanyabiashara hapa mpakani, aliniletea binti yake mwenye umri wa miaka 13. Meno ya juu ya mtoto huyo yalikuwa yametokeza mbele kiasi kwamba midomo haikufumba vizuri. Mengine yalikuwa yamepandana. Na katikati ya yale mawili makubwa ya mbele kulikuwa na mwanya. Shuleni wenzake walimpachika majina, naye akaacha kuimba kwaya ya watoto kwa kuona haya. Mwaka uliotangulia alikuwa ameanguka uwanjani, jino moja likamegeka ncha.

Niliandika karatasi ya rufaa kwenda kwa daktari wa meno. Naikumbuka vizuri, maana niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe: meno ya juu yametokeza, yamepandana, yana uwazi katikati. Hatimaye mtoto alipelekwa Dar es Salaam, akakaa kwa shangazi yake, akasoma huko, na akafungwa waya kwa miaka miwili.

Aliporudi, kazi ilikuwa nzuri kwelikweli. Meno yalikuwa yamerudi ndani, midomo inafumba, na ya juu na ya chini yanakutana sawasawa. Barua ya daktari ilisema matibabu yamefanikiwa. Mama yake alifurahi. Lakini bibi yake, ambaye binti huyo alipewa jina lake, alimwambia acheke, akamtazama kwa muda, kisha akauliza: "Na mwanya wangu mmeupeleka wapi?"

Mwanya ule ulikuwa wa ukoo. Bibi anao, na dada zake walikuwa nao. Kwa bibi, ile ilikuwa alama kwamba mtoto huyu ni wao.

Miezi michache baadaye binti alikuja kuniona peke yake, bila mama yake. Aliniambia kuwa kuna kijana mtaani anayewachonga wasichana mwanya kwa tupa, na kwamba rafiki yake amekwisha kwenda. Alitaka kujua kama inauma. Nikamwuliza: "Mwanangu, wakati ule wa waya hukumwambia daktari kuwa mwanya unautaka?" Akajibu: "Mama, mimi nilitaka meno yaingie ndani tu. Habari ya mwanya hakuna aliyeniuliza."

Alisema kweli. Mama yake hakumwuliza, kwa kuwa alifikiri mambo yote ya kinywani ni ya wataalamu. Daktari naye alipokea karatasi iliyokwisha kuuhesabu mwanya kuwa kasoro. Na aliyeandika karatasi hiyo ni mimi. Ndiyo maana naandika makala hii.

MWANYA SI PENGO

Kiswahili chetu kinatofautisha mambo haya mawili vizuri. Pengo ni nafasi iliyobaki baada ya jino kung'oka au kung'olewa. Mwanya ni nafasi ya kuzaliwa nayo kati ya meno mazima, hasa yale mawili ya mbele ya juu. Mtu mwenye pengo huficha mdomo kwa kiganja anapocheka. Mtu mwenye mwanya, katika sehemu nyingi za nchi yetu na pwani yote ya Waswahili, husifiwa.

Kwenye vitabu vya udaktari wa meno mambo ni tofauti. Humo mwanya huorodheshwa pamoja na hitilafu nyingine za mpangilio wa meno, sawa na meno yaliyopandana au yaliyotokeza. Hii haina maana kwamba mwanya ni ugonjwa. Mwenye mwanya hutafuna vizuri, na meno yake hayaozi kwa sababu ya mwanya. Mara nyingi hurithiwa kutoka kwa wazazi. Mara nyingine kile kiuzi cha nyama kinachounganisha mdomo wa juu na ufizi huwa kinene na hushuka hadi katikati ya meno mawili, kikayatenga.

Wazazi wenye watoto wadogo wafahamu pia jambo hili: mtoto wa miaka 7 hadi 10 huwa na nafasi kati ya meno ya mbele mapya, na huenda meno hayo yakaonekana yametawanyika. Kwa wengi hiyo ni hatua ya kawaida ya kukua. Chonge za juu zinapoota, kwenye umri wa miaka 11 au 12, huyasukuma meno ya mbele yakasogeleana. Kwa hiyo msikimbilie kumtafutia waya mtoto wa darasa la pili.

WAYA HUFANYAJE KAZI?

Jino halikuchomekwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Kati ya jino na mfupa kuna nyuzi laini zilizo hai. Daktari hugandisha vibati vidogo kwenye meno, kisha hupitisha waya unaosukuma kila jino kidogo kidogo. Upande unaosukumwa, mfupa huliwa taratibu na chembe hai za mwili. Upande ulioachwa wazi, mwili hujenga mfupa mpya. Hivyo jino husafiri ndani ya taya kwa kadiri ya milimita 1 kwa mwezi. Ndiyo sababu kazi huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili au zaidi, na mtoto hana budi kurudi kwa daktari kila baada ya wiki nne hadi nane ili waya urekebishwe.

Hapo familia ya Tunduma ipige hesabu vizuri. Kutoka hapa hadi Mbeya mjini ni zaidi ya kilometa 100. Hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 900. Wataalamu waliosomea hasa kupanga meno ni wachache nchini, na wengi wao wako Dar es Salaam, ambako shule ya madaktari wa meno ya Muhimbili imekuwa ikifundisha tangu mwaka 1979. Gharama si waya tu. Ni nauli, malazi, na siku za shule zinazopotea. Waya ulioanza kufungwa na kuachwa njiani kwa kukosa nauli waweza kuleta hasara kuliko meno yenyewe yalivyokuwa.

Tena mtoto mwenye waya hawezi kula ovyo. Mahindi ya kuchoma kwenye gunzi, miwa, mifupa na peremende za kunata hung'oa vibati. Uchafu hujificha kuzunguka vibati hivyo. Asipopiga mswaki vizuri kila baada ya kula, fizi huvimba, na waya ukija kutolewa hubaki madoa meupe kwenye meno, ambayo ni mwanzo wa kuoza.

JICHO LA MTAALAMU

Mwaka 1899 daktari Mmarekani aitwaye Edward Angle aliyagawa makosa ya mpangilio wa meno katika makundi matatu, kwa kuangalia jinsi magego ya juu na ya chini yanavyokutana. Tangu hapo wataalamu wamekuwa na kanuni ya jinsi meno yanavyopaswa kukaa. Wamebuni pia vipimo. Uingereza, mwaka 1989, kilitolewa kipimo chenye picha 10 za meno ya mbele, kuanzia yanayopendeza kabisa hadi yasiyopendeza. Mtoto hulinganishwa na picha hizo ili kujua kama anahitaji waya. Mwaka 1992 kikatolewa kipimo kingine cha kuangalia matokeo ya kazi. Daktari hutengeneza sanamu ya plasta ya meno kabla na baada ya matibabu, hupima kila kosa na kulipa alama. Alama zikipungua kwa asilimia 30 au zaidi, kazi huhesabiwa kuwa imeleta nafuu.

Vipimo hivi ni vyema. Vinamzuia daktari asifuate mapenzi yake mwenyewe, na vinasaidia kujua nani atangulie kutibiwa pale wataalamu wanapokuwa wachache. Lakini angalieni: sanamu ya plasta haina mdomo, haina shavu, wala haina bibi. Haisemi mtoto huyu anafanana na nani.

Hapa kwetu pia wataalamu wamepima. Mwaka 2009 Matilda Mtaya na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto wa shule 1,601, wenye umri wa miaka 12 hadi 14, wa Kinondoni na Temeke. Karibu watoto 64 kati ya kila 100 walikutwa na angalau hitilafu moja ya mpangilio wa meno. Je, tuseme basi watoto 64 kati ya 100 wafungwe waya? Hapana. Hesabu hiyo inachanganya makosa makubwa na madogo, pamoja na nafasi kati ya meno. Ukiwa na kanuni moja kali, wengi huonekana wamekosea.

JICHO LA WATU WA KAWAIDA

Marekani, mwaka 1999, Kokich na wenzake wa Seattle walifanya jambo la kufundisha. Walichukua picha za watu wanaotabasamu, wakazibadilisha kwa kompyuta: jino moja kufupishwa kidogo, mstari wa katikati ya meno kusogezwa pembeni, na kadhalika. Kisha wakaziweka mbele ya wataalamu wa kupanga meno, madaktari wa meno wa kawaida, na watu wasio na elimu hiyo. Wataalamu wa kupanga meno waliona kasoro mapema kuliko wengine. Jino la mbele likifupishwa milimita 1 tu, wao waligundua, ila watu wa kawaida hawakugundua mpaka lifupishwe milimita 2. Mstari wa katikati ulipohama milimita 4 wataalamu waliona, lakini watu wa kawaida hawakuona neno.

Maana yake nini kwetu? Daktari anaweza kutumia miezi kadhaa kurekebisha kitu ambacho wewe, mtoto wako na jirani zako msingekiona kamwe. Hafanyi kosa, ndivyo jicho lake lilivyofundishwa. Mwashi hodari naye huona tofali lililopinda kwenye ukuta ambao wewe waona umenyooka.

Kwa upande mwingine, si kweli kwamba watu wa kawaida hawaoni kitu. Mwaka 2004 yalitolewa matokeo ya kazi ya Mugonzibwa wa Muhimbili pamoja na wenzake, wakiwemo wa Uholanzi. Walikuwa wamewaonyesha watoto wa shule 386 wa Dar es Salaam, wenye umri wa miaka 9 hadi 18, picha za meno ya mbele ili waseme yapi yanapendeza. Watoto walitambua vizuri meno yaliyopotoka sana, na wengi waliona kwamba meno yaliyopangika ni muhimu kwa uzuri wa uso. Kwa hiyo mtoto akisema meno yake yanamtia haya, tusimwambie anajipendekeza. Anaona.

Hivyo kwa makosa makubwa, jicho la mtaalamu na jicho letu hukubaliana. Kwa madogo, mtaalamu huona zaidi. Na kwa yale ambayo jamii imeyapa maana yake yenyewe, kama mwanya, hutokea mtaalamu na bibi wakatazama kinywa kimoja, mmoja akasema kimepona na mwingine akasema kimeibiwa.

UZURI WA MENO UNA HISTORIA

Tusishangae. Zamani Wamakonde walichonga meno ya mbele yakawa na ncha, na asiyechongwa hakuonekana mtu mzima aliyekamilika. Wamaasai waling'oa meno mawili ya mbele ya chini. Wajaluo waling'oa sita ya chini. Leo vijana wa makabila hayo wengi hawataki tena, na wapo wazee wanaotafuta meno ya bandia kuziba mapengo waliyoyapata kwa heshima walipokuwa vijana. Kilichokuwa urembo kwa baba kimekuwa kasoro kwa mwana.

Nimewataja kwa sababu moja: jino likishachongwa au kung'olewa haliruki kurudi mahali pake pale fasheni inapobadilika. Kila kizazi hudhani uzuri wake ni wa milele.

Wengine huniuliza kama ni dhambi kutaka meno mazuri. Katika Maandiko Matakatifu, kitabu cha Wimbo Ulio Bora, mchumba anayasifu meno ya mpenzi wake akiyafananisha na kondoo weupe waliotoka kuogeshwa. Kwa hiyo meno mazuri si jambo la kuonea haya. Dhambi ni kumdharau mtu kwa meno yake, au kuacha watoto wengine bila ada ili mmoja apate tabasamu la kwenye picha.

MAMBO YA HATARI

Kwanza, kuchonga mwanya kwa tupa. Tabaka la nje la jino ni gumu kuliko mfupa, lakini likiondolewa halioti tena maisha yote. Chini yake kuna sehemu laini inayosikia baridi na joto, na ndani kabisa kuna mishipa ya damu na ya fahamu. Anayechongwa leo huanza kwa kusikia maji baridi yakimchoma. Baadaye jino huoza, huota jipu, na hung'olewa. Aliyetafuta mwanya hupata pengo. Na tupa isiyochemshwa, iliyopita vinywani mwa watu wengi penye damu, inaweza kuambukiza homa ya ini na virusi vya UKIMWI.

Pili, kufungwa waya na mtu asiye mtaalamu. Huko Thailand waya za mapambo zilizouzwa mitaani zilienea mpaka serikali ikazipiga marufuku. Waya unaosukuma jino bila hesabu waweza kulegeza jino zima hadi likatoka.

Tatu, kuacha kuvaa kifaa cha kushikilia meno. Waya ukitolewa, meno bado yana kumbukumbu ya mahali yalipotoka. Daktari humpa mtoto kifaa cha plastiki cha kuvaa, au hugandisha waya mwembamba nyuma ya meno. Mwanya uliofungwa hupenda sana kurudi, ndiyo maana mara nyingi huhitaji waya huo wa nyuma kwa miaka mingi. Yule binti aliniuliza: "Nikiacha kuvaa kile kiplastiki, si mwanya utarudi wenyewe?" Nikamjibu kwamba hautarudi peke yake. Meno yaliyotokeza yatafuata, na miaka miwili itakuwa imepotea.

YA AFYA NA YA SURA

Ndugu msomaji, kama ni lazima ukumbuke jambo moja, kumbuka hili: uliza kama tatizo ni la afya au ni la sura. Ya afya ni kama haya: meno ya juu yaliyotokeza sana, kwa maana huvunjika kirahisi mtoto anapoanguka. Meno ya chini yanayouma fizi za juu. Meno yanayokutana kinyume na kusagana mpaka yanaisha. Chonge iliyokwama ndani ya taya. Mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura. Haya yafaa kupelekwa kwa daktari hata kama hayaonekani sana.

Ya sura ni kama mwanya mdogo, au jino moja lililojipinda kidogo. Haya si ya kupuuzwa endapo mtoto anaumia moyoni, lakini hapa mwamuzi wa kwanza ni mwenye kinywa. Kwa yule binti, meno kutokeza lilikuwa jambo la afya. Mwanya lilikuwa jambo la sura. Mimi niliyaandika yote kwenye mstari mmoja.

KINGA

Makosa mengi ya meno hurithiwa, hayana kinga. Lakini mengine tunayaleta wenyewe. Msing'oe meno ya utotoni kabla ya wakati wake, kwani ndiyo yanayotunza nafasi ya meno ya ukubwani. Yakitobolewa na peremende na barafu za rangi, yazibwe mapema inapowezekana. Mtoto anayenyonya kidole asaidiwe kwa upole aache kabla ya kufikia miaka 6, maana kidole husukuma meno nje.

Na msiwapeleke watoto wachanga kung'olewa yale yanayoitwa "meno ya plastiki". Imani hiyo imeenea nchini tangu miaka ya 1980, kwamba kuna meno mabaya kwenye fizi za mtoto yanayoleta homa na kuhara. Kinachong'olewa ni mbegu ya chonge. Mtoto hutokwa damu, hupata maambukizo, na wengine hufa. Anayepona aweza kukua na chonge lililoharibika au lisilokuwepo kabisa, na meno ya jirani yakahama. Mtoto mwenye homa na kuhara apelekwe hospitali.

KABLA YA KUFUNGWA WAYA

Wazazi mkaeni na mtoto nyumbani kwanza, kisha mwende kwa daktari na maswali haya:

1. Kati ya haya unayoyaona, yapi ni ya afya na yapi ni ya sura?

2. Itakuwaje tukiacha, au tukisubiri mwaka mmoja?

3. Je, kuna meno yatakayong'olewa? Mangapi?

4. Kazi itachukua muda gani, na tutarudi mara ngapi? Je, waya ukikatika tukiwa Tunduma, nani atatusaidia?

5. Baada ya waya, mtoto atavaa kifaa cha kushikilia kwa muda gani?

6. Mwisho kabisa, na hili aseme mtoto mwenyewe: nataka hiki kibadilike, na hiki kibaki.

Swali la sita ndilo huachwa. Watoto wetu tumewalea kunyamaza mbele ya wakubwa, na hasa mbele ya koti jeupe. Basi mzazi amfungulie njia: "Daktari, mwanangu ana neno." Daktari mzuri hatakasirika. Atafurahi kujua mapema, kwa sababu mwanya ukiamuliwa kubaki tangu mwanzo, aweza kurudisha meno ndani na kuuacha. Na kama haiwezekani kuuacha, ataeleza kwa nini, nanyi mtajua mnachokubali.

Sisi wauguzi na matabibu nasi tujirekebishe. Siku hizi, ninapoandika rufaa ya meno, huandika kile kinachomsumbua mgonjwa kwa maneno yake mwenyewe, kisha chini yake huandika nilichokiona mimi. Ni mistari miwili, wala hainichukui dakika tano.

Yule binti hakwenda kwa kijana mwenye tupa. Siku ya kupimwa tena Dar es Salaam, alimweleza daktari jambo lile. Daktari alimsikiliza, akamwambia kuwa mwanya unaweza kufunguliwa tena kidogo kwa waya, lakini ni miezi mingine ya safari na gharama. Binti akafikiri, akaamua kuacha kama ilivyo. Bibi yake bado hajaridhika. Kila akimwona anacheka husema, "Uso ni wangu, meno ni ya daktari."

Lakini Jumapili iliyopita, kwenye Misa ya pili, binti alisimama mstari wa mbele wa kwaya, mdomo wazi, akiimba kwa sauti yake yote. Bibi alikuwa amekaa benchi la tatu. Nilimtazama. Alikuwa anaimba naye, na mwanya wake ulionekana hadi nilipokuwa nimekaa.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumzia matunzo ya meno ya mama mjamzito. Kwa sasa pigeni mswaki asubuhi na usiku kwa dawa yenye floraidi, na waulizeni watoto wenu.

Muuguzi wenu,
Hospitali ya Misheni